Gari la Nyumbani na Mzigo wa Magunia



Katika mwezi wa Juni, 2023, tulikwenda Mdandu, Mkoa wa Njombe, kuchukua mahindi ya shamba letu. Ilitupasa kulipa nauli ya lori mpaka Makambako, lakini tuliona ni hasara. Tulilaza viti vya nyuma vya gari letu la nyumbani, tukapakia magunia 6, kila gunia kilo 100, tukafanya safari mbili kwa siku mbili. Njia ya vumbi ilitutikisa, na gari likainama nyuma kama punda aliyeelemewa. Sisi tulihesabu tu fedha tulizookoa. Hakika mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jioni ya siku ya pili tulirudi kulala Mdandu kwa dada yetu. Saa nane za usiku alitugongea mlango: mtoto wake alikuwa akihema kwa shida, na ilikuwa lazima afikishwe hospitali ya Ilembula. Tulikimbilia gari, tukapiga stata. Taa ziliwaka, lakini mashine ilitoa mlio mdogo tu, kisha kimya. Tulijaribu tena na tena. Dada yetu alisimama katika baridi, mtoto amemfunika blanketi, akitutazama bila kusema neno. Hatujapata kuona aibu kama ile.

Jirani alimwita kijana mmoja, fundi wa pikipiki. Alituamkia, akafunua boneti, akamulika kwa tochi.

"Mzee, mashine ni nzima. Waya wa betri umelegea hapa ulipofungwa kwenye bodi, tena una kutu."

Aliusugua kwa msasa, akaukaza kwa spana, na gari likawaka. Alhamdulillahi, mtoto alifika salama, na leo ni mzima.

Baadaye kijana yule alitueleza sababu. Taa zahitaji umeme kidogo, na hata waya uliolegea huupitisha. Stata yahitaji umeme mwingi kwa mara moja, nao haupiti ikiwa vyuma havigusani sawasawa. Tena baridi ya Njombe huidhoofisha betri na kuifanya oili kuwa nzito. Basi mzigo haukuiua mashine. Mtikisiko ulilegeza kitu kidogo ambacho hatukukitazama.

Tuliporejea nyumbani tulikisoma kitabu cha gari, ambacho hatukuwahi kukifungua. Gari letu limewekewa kilo 500, pamoja na uzito wa watu. Sisi tulilibebesha zaidi ya 700.

Enyi vijana mnaoendesha magari ya wazee wenu, gari la nyumbani ni amana ya watu wote wa nyumba, hata ya mgonjwa wa usiku asiyejulikana bado. Jueni uzito wake kabla ya kupakia. Na mkitoka katika njia mbaya, funueni boneti, mzishike nyaya za betri kwa mkono mwone kama zimekaza.

Mavuno yaliyofuata tulilipa nauli ya lori, wala hatukuiita hasara.