Frigo inanguruma, lakini je, inapoza?

Katika nyumba nyingi za kartie Ngezi, frigo inapimwa kwa masikio. Ikinguruma, watu wanasema inafanya kazi. Mwingine anafungua mlango, anaingiza mkono, anasikia baridi, anafunga. Kwa chupa ya maji ya kunywa hiyo inatosha kabisa. Lakini tangu vita vilipowaka tena Djugu mwishoni mwa 2017 na familia nyingi kukimbilia Bunia, frigo ya nyumba moja imekuwa frigo ya watu wengi. Karibu na samaki wa Tchomia na sufuria ya maharage ya jana, kunaweza kuwa na kichupa cha insulini cha bibi aliyepokelewa nyumbani, au cha jirani anayeishi kwenye kambi ya Kigonze na asiye na pa kukiweka.

Hapo mkono unadanganya. Mkono uliotoka nje kwenye jua unaona nyuzi 15 kuwa baridi kali. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na mkono wa mtu hauwezi kutofautisha 8 na 15.

Mama mmoja wa Ngezi alikuwa akimtunza mama mkwe wake mwenye ugonjwa wa sukari. Kwa heshima na kwa upendo, alikiweka kichupa mahali alipoona pazuri kuliko pengine pote: juu kabisa, kikigusa sehemu ya barafu. Sindano zilichomwa kwa saa zake, chakula kilipimwa, lakini bibi aliendelea kukojoa usiku kucha na kukonda. Nyumbani wakaanza kumshuku kwamba anakula vitu vitamu kwa siri. Muganga alipofika, hakuanza na bibi, alianza na frigo.

«Mama, hii dawa iliganda?»

«Hapana, Muganga. Angalia, iko maji safi.»

Muganga akashika chupa ya maji iliyokuwa pembeni ya dawa. Ndani yake barafu ilikuwa ikigongagonga.

Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanaogopa joto, kumbe kwa dawa hii baridi ya kupita kiasi inaharibu haraka zaidi. Mahali pake ni rafu ya katikati, mbali na barafu, wala si kwenye mlango unaofunguliwa kila mara watoto wanapotaka maji.

Kupima frigo si kazi ngumu. Weka kipima joto ndani ya glasi ya maji, kwenye rafu ya katikati, usiku kucha. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajafungua mlango, soma. Maji ni bora kuliko hewa, kwa sababu hewa inabadilika mara mlango ukifunguliwa, lakini maji yanashika joto la kweli la frigo. Kile kipima joto cha homa ya mtoto hakisaidii, hakishuki hadi huko. Ukiona zaidi ya 8, angalia kwanza mpira wa mlango: funga mlango juu ya karatasi, kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, baridi inatokea hapo. Kisha angalia nyuma. Frigo inatoa joto la ndani na kulitupa nje kwa mgongo wake. Ikibanwa ukutani, au mgongo ukijaa vumbi la Bunia la kiangazi, joto hilo halina pa kwenda. Mashine itanguruma mchana na usiku, itakula umeme, lakini ndani hakupoi.

Klimatizeri nayo iko hivyo hivyo. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo nyumba chache zinaihitaji. Fundi mzuri hasimami mbele yake na kusema «inapuliza vizuri». Anapima hewa inayoingia na hewa inayotoka baada ya kama robo saa. Ikitofautiana kwa nyuzi 8 hadi 12 hivi, mashine iko sawa. Tofauti ikiwa ndogo, anaanza na kichungi, maana mara nyingi ni uchafu tu.

Umeme ukikatika usiku, nani atajua? Gandisha maji katika kikombe ndani ya sehemu ya barafu, kisha weka kipande cha sarafu juu ya barafu hiyo. Ukikuta sarafu imezama chini, barafu iliyeyuka ukiwa umelala, hata kama imeganda tena.

Kwa wasio na frigo kabisa, kuna habari njema. Waganga Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza joto la nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya, ambako linapanda kutoka nyuzi 25 usiku hadi 37 mchana. Matokeo yalitolewa 2021: insulini iliyokaa wiki 4 katika joto hilo linalopanda na kushuka ilibaki na nguvu sawa na ile ya kwenye frigo. Bunia haina joto la Dadaab. Kichupa kinachotumika kinaweza kukaa ndani ya chungu cha udongo kilicholowanishwa nje, kivulini, na kichupa chenyewe kikiwa kikavu. Kisiachwe chini ya hema la plastiki saa sita mchana. Siku kinapofunguliwa, tarehe iandikwe juu yake kwa kalamu, na kabla wiki 4 hazijaisha muganga aombwe kingine, ili bibi asikose sindano hata siku moja.