Kocha Alipokuja Kumtaka Mwanetu

Kina mama wenzangu, mtu akija kumposa binti tunajua la kufanya. Tunauliza habari za ukoo wake, kazi yake na kanisa lake. Lakini akija mtu kumtaka mtoto wetu wa kiume kwa sababu ya kipaji chake, mara nyingi hatuna la kuuliza. Tunashukuru, tunaandaa chakula, kisha tunatia sahihi.

Jambo hili lilitufika sisi tunaoishi Indianapolis, Marekani, mwaka 2024. Kijana wetu alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, naye anacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mikononi huku vijana waliovaa kofia ngumu wakigongana kama mafahali. Huku vyuo vikuu huupenda mchezo huo kupita kiasi. Kijana hodari anaweza kusomeshwa bure, kwa hiyo makocha huwatafuta kila mahali, tena hawangoji msimu uishe. Wiki ile ile wanayojiandaa kwa mechi, wanawapigia simu wazazi. Ikifika Jumamosi, wanawaalika vijana waje kutazama timu, walale na kula kwa gharama ya chuo.

Mwaka huo jimbo letu zima lilizungumza habari za Chuo Kikuu cha Indiana, kilichoko mji wa Bloomington. Mwaka 2023 timu yao ilishinda mechi 3 na kupoteza 9. Akaletwa kocha mpya, Curt Cignetti, na mwaka 2024 timu ile ile ikashinda mechi 10 za mwanzo mfululizo. Mwezi wa Oktoba waliishinda Nebraska kwa pointi 56 kwa 7. Novemba 23 walifungwa na Ohio State 38 kwa 15, lakini Novemba 30 wakaishinda Purdue 66 kwa 0. Siku nne baadaye, Desemba 4, ndipo vijana wa sekondari nchi nzima walipoanza kutia sahihi kujiunga na vyuo. Hebu fikiri, mama: vifijo bado vinalia masikioni, na kalamu iko mezani.

Lakini timu iliyokuwa inafungwa hovyo ilibadilikaje kwa mwaka mmoja? Kocha Cignetti alikuja na wachezaji 13 kutoka chuo alichotoka, James Madison. Kurtis Rourke, aliyeongoza mashambulizi, alitoka Chuo Kikuu cha Ohio. Siku hizi sheria inamruhusu mchezaji kuhama chuo na kucheza msimu unaofuata, mradi masomo yake yawe mazuri. Sina lawama, maana vijana hao walifanya kazi yao vizuri. Ila kila aliyeletwa alikalia kiti cha mtu. Watu waliposhangilia, mimi nilimwaza mama wa yule kijana aliyekuwa na nafasi mwaka uliotangulia.

Chuo kilichomtaka mwanetu kilikuwa kingine, nacho pia kilikuwa kimeanza kushinda. Simu zikawa nyingi, na kila ushindi uliongeza utamu wa maneno. Kijana alikuwa amekwisha kuamua moyoni. Baba yake akaniambia, “Mama, tusiharakishe. Ahadi ya mdomo haimfungi mtu.” Tukaomba pamoja, kisha tukaandika maswali matatu. Kocha alipofika nyumbani nilimkaribisha chai na maandazi, halafu nikayatoa.

Swali la kwanza: akiumia goti au kichwa, nani atalipia matibabu, na ufadhili wa masomo utaendelea? Akatuonyesha maandishi. Swali la pili: wangapi kati ya wachezaji wenu humaliza shahada, na mwanangu ataruhusiwa kusoma uhandisi hata kama vipindi vinagongana na mazoezi? Alijibu vizuri, akatupa na jina la mwalimu wa kumpigia simu. Swali la tatu: wewe ukiitwa na chuo kikubwa, au ukimleta mchezaji mwingine wa nafasi yake, mwanangu atakuwa mgeni wa nani?

Hapo kocha akanyamaza. Mwisho akasema, “Mama, hilo siwezi kukuahidi.” Mwanangu aliinamisha kichwa. Mimi nilimheshimu mtu yule kwa jibu hilo kuliko kwa sifa zote alizozitoa kabla. Tulitia sahihi tukijua kuwa masomo yameandikwa katika karatasi, lakini uwanja haukuandikwa.

Msimu wa 2025 mwanetu hakucheza hata mechi moja. Alikuja kijana mkubwa zaidi kutoka chuo kingine akachukua nafasi. Kulikuwa na usiku wa machozi kwenye simu, sitaficha. Lakini mitihani ya uhandisi amefaulu, na hakuna aliyemdanganya. Nao Indiana walipanda hadi kileleni: Januari 19, 2026 waliishinda Miami 27 kwa 21, wakawa mabingwa wa taifa bila kupoteza hata mechi moja kati ya 16. Aliyeongoza mashambulizi safari hii alikuwa Fernando Mendoza, aliyetoka California. Misimu miwili, viongozi wawili, na wote waliletwa kutoka vyuo vingine.

Namkumbuka Hana, mama wa Samweli. Alimpeleka mwanawe hekaluni akiwa mdogo, akamwachia mzee Eli. Lakini hakumtupa. Kila mwaka alipanda kwenda huko akiwa na kanzu ndogo aliyomshonea. Ili kanzu imtoshe, ilimpasa kujua mtoto amekua kiasi gani. Kama mama aliyemtoa mwanawe kwa Bwana alimfuatilia hivyo, sisi tunaowakabidhi watoto kwa wanadamu tutakaaje kimya?

Huenda kwenu hakuna mchezo huu. Lakini ipo klabu ya soka, ipo kwaya inayosafiri, ipo shule ya mbali inayotaka mtoto mwenye akili. Wakija, wapokee kwa heshima. Uliza juu ya afya ya mtoto, masomo yake, na siku ambayo hawatamhitaji tena. Omba majibu kwa maandishi. Baada ya hapo, mpigie mtoto simu kila wiki, na usianze kwa kuuliza kama timu imeshinda. Muulize kama amekula, amesali, na amelala vizuri.