Udongo wa Kimeta

Duara lenyewe ni dogo, hatua nane kwa saba hivi, na limezungushiwa matawi ya miiba kama zizi la mbuzi. Ndani hamna mbuzi. Kuna majivu yaliyogandamana kwa umande, mfupa wa paja ambao moto haukuumaliza, na nyasi changa zenye kijani kibichi kuliko nyasi zote za mteremko. Ng'ombe alifia hapa. Tarehe haijulikani, ila mzee mwenye boma anasema ilikuwa kabla mjukuu wake hajaota meno. Mjukuu sasa anachunga ndama. Amesimama pembeni kwa mguu mmoja, anatutazama.

Tuko Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania, upande wa nje wa kreta. Nyuma ya kilima hiki ardhi imebonyea kwenda chini mita 600, shimo lenye upana wa karibu kilomita 19, na magari ya watalii yamepanga foleni kuteremka. Sisi tumeligeuzia mgongo. Ni Juni, ukungu haujaondoka, na upepo unaleta moshi wa kuni na harufu ya mavi mabichi ya ng'ombe. Bondeni naona punda watatu na kundi la pundamilia wakila uwanda mmoja, kila mmoja kana kwamba mwenzake hayupo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Mmekuja kuchimba tena?"

"Tunachota kidogo tu."

"Ng'ombe mlishamchoma. Sasa mnabeba na kaburi."

Daktari wa mifugo anacheka nyuma ya barakoa. Amevaa glovu mbili kila mkono, ovaroli na mabuti ya mpira. Anachota udongo kwa kijiko, anautia kwenye kichupa kisichozidi kidole gumba, anakaza kifuniko, anaandika namba, anafuta kichupa kwa klorini. Kisha kingine. Udongo ni mweusi na mwepesi, udongo wa volkano. Ungekuwa wa shambani ningeupenda.

Mzee anasimulia, fimbo yake ikiwa juu ya mabega. Asubuhi ng'ombe alikamuliwa vizuri. Jua lilipotua alikuwa chini, tumbo limefura, damu nyeusi ikimtoka puani, damu isiyoganda. Hapo kila mfugaji wa huku anajua jina: kimeta. Mzoga wa namna hii haupasuliwi. Bakteria wakikutana na hewa hujifunga ndani ya ganda gumu, wakawa spora, nazo huweza kulala ardhini kwa miongo mingi. Fisi, bila shaka, hajapewa maelekezo hayo. Kiangazi nyasi zikiwa fupi, ng'ombe hula midomo ikigusa udongo, na ndiyo maana mzee ananyoosha fimbo kuonyesha mahali pamoja, kisha pengine, kisha pale penye mgunga uliokauka: huko ng'ombe wake hawapiti. Hana ramani. Anayo mizoga.

Tunapoagana anauliza jambo moja. Ugonjwa uliomuua ng'ombe wake ni uleule uliomuua wa nduguye kule bondeni, au umeletwa na ng'ombe wa mnadani?

Boksi la barafu linasafiri nyuma yetu, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Karatu na vumbi lake jekundu, Mto wa Mbu na mikungu ya ndizi kando ya barabara, Makuyuni, Arusha, Moshi. Kila tuta la barabarani nageuka kulitazama boksi.

Maabara haina harufu ya ugonjwa. Ina harufu ya spiriti na ya plastiki mpya. Mtaalamu, mama mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba, ananikalisha kwenye darubini kunionyesha kioo cha zamani cha damu ya ng'ombe, kilichopakwa rangi. Wapo: vijiti vya buluu vimeungana kama pingili za muwa, kila mstari umevikwa utando wa waridi. Ukipanga 250 kichwa kwa mguu hutapata zaidi ya milimita moja hivi. Ni wazuri, na nilitamani wasingekuwa hivyo.

Lakini darubini haitamjibu mzee. Chini ya kioo vimeta vyote vina sura moja. Ili kuvitofautisha, mtaalamu huvuna DNA ya bakteria na kuisoma herufi kwa herufi. Jenomu ya kimeta ina herufi kama milioni 5.2, ukiacha vipande viwili vidogo vya duara vinavyobeba maelekezo ya sumu na ya ule utando wa waridi. Nilipiga hesabu kwenye daftari: kwa herufi 2,000 kila ukurasa, ni kitabu cha kurasa 2,600. Na vitabu vya ng'ombe wawili wa mteremko mmoja vinaweza kupishana kwa herufi moja au mbili tu. Kosa moja la chapa. Kipimo cha zamani zaidi huhesabu vipande vinavyojirudia sehemu chache za jenomu. Ni rahisi, ila mara nyingi majirani wote hutoka sawa.

"Mbona tofauti ni ndogo hivyo?" nauliza.

"Kwa sababu wamelala," anasema. "Aliyelala hanakili. Asiyenakili hakosei."

Ilinichukua muda kuelewa. Makosa huingia bakteria wanapozaana, na hawa huzaana siku chache tu, ndani ya mnyama; kisha hurudi udongoni kulala, pengine mwaka, pengine miaka arobaini. Kwa hiyo herufi zaweza kusema nani ni ndugu wa nani, na kama wa mnadani ni wa ukoo mwingine kabisa, zitamuumbua. Ila zikifanana, haziwezi kuapa kama ng'ombe alikufa kwa spora za juzi au za enzi za babu yake mzee. Kalenda yao husimama.

Anapanga vichupa vyetu kwenye kishikio, kimoja kimoja, na udongo mweusi ndani yake hauzidi kijiko cha chai. Kisha anatazama chini, kwenye viatu vyangu. Kule mteremkoni nilivisugua kwa klorini mara mbili. Kwenye matundu ya kamba bado mna vumbi jeusi.

Ananisogezea beseni kwa mguu.