Gerezani na Nyumba Yako ya Kijijini

Ukiuza korosho au ufuta wako, huenda unafikiri kujenga. Wengi wetu hapa Rufiji tukipata fedha ya mavuno tunapanda basi kwenda Dar es Salaam kununua vifaa. Basi linafika Mbagala. Hapo unapanda gari jingine, unafuata Barabara ya Kilwa, unashuka Gerezani. Mimi ni bwana shamba, lakini leo sisemi habari za mbegu. Twende pamoja Gerezani.

Gerezani iko jirani kabisa na soko la Kariakoo. Jina lake limetokana na neno gereza. Jina la Kariakoo lilitokana na wapagazi. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani. Wapagazi wa jeshi lao waliweka kambi mahali hapo. Kundi lao liliitwa Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka Kariakoo.

Kabla hujatoa fedha mfukoni, ujue jambo moja. Zamani mji huu ulijengwa kwa mali ya vijijini. Nyumba za Kariakoo na Gerezani zilikuwa kama zetu: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Nguzo zilikuwa miti. Fito zilifungwa kwa kamba, kuta zikakandikwa udongo, paa likaezekwa makuti. Boriti za mikoko zilitoka hapa kwetu, katika delta ya Rufiji. Majahazi yalizipeleka Dar es Salaam na Unguja, hata Arabuni. Katika nyumba za mawe za pwani, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Basi mti wa Rufiji ndio ulioamua mtu wa Unguja alale katika chumba cha upana gani!

Baadaye watu wa mjini walipasua madebe ya mafuta ya taa, wakayanyoosha na kuezekea. Yakaja mabati, ikaja saruji. Leo Kariakoo ni maghorofa.

Siku hizi mji haukuombi tena boriti. Mikoko yenyewe inalindwa na sheria, haikatwi bila kibali. Mji unakuomba mkaa na mbao. Wewe unakwenda mjini kuchukua saruji, nondo na mabati. Kwa hiyo msitu wako unakwenda mjini, na fedha ya korosho nayo inakwenda mjini. Hesabu hiyo hainipendezi.

MTAA WA MAFUNDI

Gerezani utaisikia kabla ya kuiona. Nyundo zinagonga tangu asubuhi. Mafundi wanachomelea milango, madirisha na mageti. Wengine wanatengeneza mashine za kukoboa na kusaga. Usiukodolee macho moto wa kuchomelea, unaumiza. Tazama pia wenye mikokoteni, maana hawasimami.

Ukinunua mabati, uliza geji. Hapa wengi wanakosea. Namba ikiwa ndogo, bati ni nene. Geji 28 ni nene kuliko geji 30. Bati jembamba lina bei nafuu, lakini upepo wa masika hulikunja kama karatasi. Bati, bawaba na kitasa huwezi kuvitengeneza kijijini. Hivyo nunua, tena nunua vizuri.

Ukuta ni habari nyingine. Watu wengi wanaamini kwamba saruji ikiwapo nyumba ni imara. Si kweli. Tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka likaua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne lilianguka hapo hapo Kariakoo, na watu zaidi ya 20 walikufa. Yote mawili yalikuwa na saruji na nondo. Uimara unatoka katika msingi, katika kipimo cha mchanganyiko, na kwa fundi anayekagua kazi yake.

UDONGO WAKO

Vijijini tunapenda tofali la kuchoma. Ni zuri, lakini tanuri linameza magogo mengi. Miti ikikatwa kando ya mto, kingo zinabomoka na shamba linakwenda na maji. Hiyo ndiyo sababu bwana shamba anasema habari za matofali.

Liko tofali lisilochomwa. Huitwa tofali la kufungamana. Serikali iliunda kitengo cha utafiti wa ujenzi mwaka 1971, na tangu mwaka 2001 kazi hiyo inafanywa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, Dar es Salaam. Wakala huo hufundisha watu kufyatua tofali hilo kwa mashine ya mkono. Unachanganya udongo na saruji kidogo, unashindilia kwa mpini, tofali linatoka. Lina meno na vitundu vya kushikana na mwenzake, kwa hiyo ukuta hautumii udongo mwingi wa kuungia. Matofali huwekwa kivulini na kumwagiwa maji wiki moja au zaidi.

Udongo wa juu mweusi usiutumie. Huo mwachie mahindi. Chimba chini, upate udongo mwekundu wenye mchanga. Upime hivi: tia udongo nusu chupa, jaza maji, tikisa sana, acha mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, ulaini utakaa juu yake. Ukiona ulaini mtupu, tofali litapasuka. Ukiona mchanga mtupu, litamomonyoka. Na nyumba ya udongo inataka msingi wa mawe ulioinuka na paa lililotokeza nje ya ukuta, vinginevyo mvua itaila.

Mashine moja ni ghali kwa mtu mmoja, lakini si kwa watu kumi waliouza korosho. Hiyo ndiyo inayostahili safari ya Gerezani. Ila usinunue kwa kutazama rangi. Jaza kiroba cha udongo wa kijiji chako uende nacho katika basi. Fika kwa fundi, mwambie afyatue tofali kwa udongo huo, mbele yako. Likitoka limekatika pembe, au mpini ukiwa mzito hata vijana wawili wanauning'inia, mshukuru, beba kiroba chako, nenda kwa fundi wa pili.