Kabla ya Godoro, Tazama Chaga

Najua nimewatupa. Mazoezi ya kufundisha yalinimaliza sauti, halafu nikarudi chuoni nikakuta kazi za semina zimepanga foleni zinanisubiri. Ila leo nimepata upenyo, na nataka tuongelee kitu ambacho hakuna mhadhiri atakayekifundisha hapa Chang'ombe: kitanda. Msicheke kwanza. Wangapi humu mmehama hosteli mkaanza maisha ya geto kwa godoro chini, ndoo mbili na jiko la gesi la mtungi mdogo?

Mnajua mtiririko wetu. Bumu likitoka, godoro kwanza. La pili sabufa. Kitanda? "Nitanunua baadaye." Hiyo baadaye wengine inawakuta wanavaa joho la kuhitimu. Na wale wachache wanaonunua, wanaangalia ubao wa kichwani umechongwa maua gani, umepigwa vanishi ya rangi gani, basi, wanaita guta la kubebea. Chini ya godoro hawachungulii kabisa. Mie nasema huko chini ndiko kwenye kitanda chenyewe.

Tuanze na godoro la sakafuni, maana najua utetezi wenu. Sakafu imenyooka, kwa hiyo mgongo uko salama. Kunyooka sawa, imenyooka. Lakini hii ni Dar jamani. Usiku unatoka jasho, jasho linashuka kwenye sponji, likifika chini linakuta saruji isiyopitisha hewa. Inua godoro lako baada ya miezi miwili uone madoa meusi. Huo ni ukungu, na wewe unaulalia na pua zako. Wengine mmezidi, hata ile nailoni ya dukani hamjaitoa, eti godoro lisichafuke. Nailoni inafungia jasho ndani palepale. Godoro linahitaji hewa kwa chini kama sisi tunavyohitaji dirisha.

Sasa kwa nini haya yamenishika mwaka huu? Mama yangu. Yeye yuko kwetu Mafinga, na miaka yote ya kuinamia jembe kwenye mahindi na viazi imeuchosha mgongo wake. Akapewa rufaa aje kliniki huku Dar, mahudhurio kadhaa ndani ya wiki mbili, na pa kufikia ni kwangu tu. Chumba changu kimoja. Nilipompigia kumwambia natafuta kitanda, akanijibu, "Usihangaike mwanangu, mimi hata mkekani nalala." Kila mtoto aliyelelewa na mama wa Kitanzania anaijua sentensi hiyo. Maana yake ni kwamba ana maumivu, na hataki ule mihogo mwezi mzima kwa ajili yake.

Majirani nao hawakukosa ushauri. Mwenye mgongo alale pagumu, wakasema, hata ubao mtupu. Nikaenda kusoma kidogo. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania kwa watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno. Wengine walipewa magodoro magumu sana, wengine ya ugumu wa wastani, wakafuatiliwa kwa siku 90. Waliolalia ya wastani ndio waliopata nafuu zaidi. Kwa hiyo hesabu yangu ikawa hii: godoro lisiwe jiwe, lisiwe uji, na kinachoshika godoro kisibonyee. Maana hata ukinunua sponji nzito ya bei mbaya, ukiiweka juu ya chaga zinazopinda, utalala kwenye bonde. Godoro linafuata umbo la kilicho chini yake.

Basi bwana, nikashuka Keko. Kwa wageni wa jiji, Keko ndiko kwenye mafundi wa samani, jirani kabisa na chuo chetu, unasikia randa na misumeno kabla hujaona duka. Kitanda cha kwanza kilichonivutia, cha futi 5 kwa 6, kilikuwa kimependeza kweli. Kimechongwa, kinang'aa, kichwani kimeshonewa ngozi. Nikamwomba kijana auzaye ainue godoro la maonyesho. Akasita. Akainua. Nikahesabu chaga: saba.

Hebu tupige hesabu, hata sisi wa Kiswahili na Jiografia tunaiweza. Kitanda kina urefu wa futi 6, yaani inchi 72. Kila chaga ilikuwa na upana wa inchi 3. Saba mara tatu ni 21. Inchi 51 zilizobaki ni hewa tupu! Sponji ikikaa juu ya mapengo ya namna hiyo inajisukuma kuingia humo kila usiku, na mwisho inabaki na mistari kama shamba la matuta. Nikamuuliza yule kijana kwa nini chaga ni chache hivyo. Akacheka, akaniambia, "Dada, wateja hawaulizi chini, wanauliza juu." Angalau alikuwa mkweli.

Nikaenda kwa fundi mtu mzima, mwenye karakana ndogo uchochoroni. Nikamwamkia, akanikaribisha kwenye kigoda, akauliza, "Binti, kitanda cha kulala nani?" Hilo swali hakuna aliyekuwa ameniuliza siku nzima. Nikamweleza: tutalala wawili, mama ana mgongo, na mwenye nyumba anaweza kunihamisha wakati wowote. Akachukua kalamu ya sikioni akaanza kuchora kwenye kipande cha mbao.

Kwanza tukaongea mbao. Mninga ndiyo heshima ya mjini. Kiini chake mchwa hawakipendi, haujikunji ovyo ukikauka, na mti wenyewe unachukua miongo mingi kukua huko kwenye misitu ya miombo, ndiyo maana bei yake inamkimbiza mwanafunzi. Mkongo nao ni mgumu na imara. Halafu kuna paini. Hapo mie nikatabasamu, maana nimekulia Mafinga, shamba la miti la Serikali la Sao Hill ni jirani yetu. Watu wanaidharau paini. Ni laini kweli, na ikiachwa hivihivi mchwa wanaila kama biskuti. Lakini ikiwa imekaushwa vizuri, imetiwa dawa na haina macho makubwa ya mbao, inabeba watu bila shida. Fundi akanionya hasa kuhusu hayo macho: chaga yenye jicho katikati itakatikia hapohapo. Na mbao mbichi usiikubali. Leo imekaza, baada ya miezi imesinyaa, viungo vinalegea, na kila ukigeuka usiku majirani wanajua.

Tukakubaliana: miguu na mbao za ubavuni mkongo, chaga paini. Maua ya kichwani nikayafuta. Chaga kumi na mbili badala ya saba, zifunike nusu ya kitanda, mapengo yabaki kama inchi 3. Na chini ya chaga, mbao moja ipite katikati kutoka kichwani hadi miguuni, na yenyewe iwe na mguu wake unaogusa sakafu.

Huo mguu wa katikati nausisitiza. Rafiki yangu anayesomea Fizikia aliniambia kitu nikakiandika kabisa: ubao ukiwa na urefu mara mbili kati ya nguzo zake, uzito uleule ukiwekwa katikati unaupinda mara nane. Mara nane, siyo mara mbili! Sasa chaga ya futi 5 bila kitu katikati, watu wawili juu yake, lazima mtaviringika mkutane bondeni. Ukiiwekea mhimili katikati, kila upande unabaki na futi 2 na nusu tu. Kwa kitanda cha futi 3 na nusu cha mtu mmoja unaweza kuusamehe. Kuanzia 5 kwa 6 kwenda juu, usiusamehe.

Nyongeza zote hizo, chaga tano, mhimili na mguu wake, ziliongeza shilingi 35,000. Yale maua niliyoyafuta yalikuwa ghali kuliko hapo. Pimeni wenyewe.

Kuhusu viungo, nikaomba bolti na nati, misumari tukaibakizia sehemu ndogondogo. Sisi ni watu wa kuhama. Kitanda cha misumari ukikibomoa mara mbili matundu yanapanuka, hakikazi tena. Cha bolti unakifungua kwa spana, kinapita mlango mwembamba, unakifunga upya. Kikianza kulia kwi kwi, unakaza nati unalala.

Na kuna wale wadudu. Waliokaa hosteli fulani (jina nalimeza) wanawajua kunguni kwa majina. Kunguni anaishi kwenye nyufa za mbao, kwenye kichwa cha skrubu, kwenye makutano ya chaga, na anaweza kukaa miezi bila kunywa damu akikusubiri. Kwa hiyo fundi alipiga msasa hadi chaga zenyewe, akaziba nyufa, ndipo vanishi. Ukinunua kitanda cha mtumba, kifungue chote, mimina maji yanayochemka kwenye kila kiungo, urudie baada ya wiki moja na nusu hivi, maana mayai yaliyoponyoka yatakuwa yameanguliwa. Petroli na mafuta ya taa acheni, mtaunguza nyumba ya watu. Na wapenzi wa vitanda vya chuma msijidanganye: yale mabomba yaliyo wazi miisho ni hoteli yao. Yazibeni. Chuma ni kizuri, ila angalia pia kama kule chini wameweka vyuma vya kutosha au vitano tu vya kuzugia.

Kitanda kilipofika nilikifunga mwenyewe, nikakaa katikati, nikatikisa. Kimya. Mama alipokuja nilimwona usiku wa kwanza akikibonyeza kwa kiganja pembeni na katikati, kama anayepima unga. Hakusema kitu. Asubuhi niliamka nikakuta kishafagia uwanja wa watu na kuchemsha chai. Mgongo bado unamuuma, sitawadanganya, kitanda si dawa, na kliniki anaendelea nayo. Lakini katika wiki mbili zile hakuniomba hata siku moja nimvute mkono ili aamke. Nyumbani, kaka yangu ndiye aliyekuwa akifanya hiyo kazi kila alfajiri.

Zawadi nyingine aliyoniachia ni maneno. Siku moja akiwa amejilaza akaanza kunitajia sehemu za kitanda cha kamba cha marehemu bibi: tendegu ni mguu, mfumbati ni mti wa ubavuni, kitakizo ni ule wa kichwani na wa miguuni. Nikafungua kamusi, yote yamo! Na kile kitanda chenyewe si ndicho wazee walikiita teremka tukaze, kamba zikilegea mnashuka mnakaza? Wazee walijua zamani kwamba kinacholegea ni chini, na kwamba kinahitaji kukazwa. Sisi tuna vanishi tu.

Basi wadau, bumu lijalo ukienda dukani, fanya mambo manne. Inua godoro. Hesabu chaga. Tafuta mguu wa katikati. Kisha kaa katikati utikise, usione aibu, ni pesa yako. Muuzaji akinuna, Keko ina mafundi wengi.

Mie narudi kwenye andalio la somo la kesho, kidato cha pili wananisubiri na vitenzi vyao. Alamsiki, na mlale pema. Pema pa duniani lakini, msije mkanielewa vibaya!