Kunungunika na kuuliza si neno moja

Wamama wapendwa, unga ukikawia Kasumbalesa na bei ikipanda kwenye soko la Kenya, kila mmoja wetu anatamani zamu yake ya likelemba ifike mbio. Hapo ndipo manunguniko yanaanza: «Mama prezidenti anapendelea rafiki zake.»

Katika Hesabu 12, Miriamu na Haruni walimsema vibaya Musa, mtumishi aliyechaguliwa na Mungu. Miriamu akapata ukoma, akafungiwa nje ya kambi siku 7. Safari ya watu wote ikasimama, wakimngojea.

Lakini katika Hesabu 27, mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wakubwa wote, wakaomba urithi wa baba yao. Musa akapeleka neno lao kwa Mungu, naye Mungu akawapa haki.

Basi kutumainia Mungu na viongozi wetu si kufunga kinywa. Neno la likelemba tulilete mkutanoni, daftari likiwa wazi, si njiani tukirudi nyumbani. Kisha tumwombee mama prezidenti, maana kushika pesa ya wenzako ni mzigo mzito.