Willy Gamba Afika Kwetu

Sisi ni watu kumi na wawili hivi, wengine wa Masisi, wengine wa Walikale waliokuja huku kwa biashara au kwa kukimbia vita. Jumapili baada ya Misa twakaa chini ya mti, twabishana. Kwa kawaida twabishania njia mbovu na bei ya mawese. Lakini ubishi wa miezi hii umetoka katika kitabu kikuukuu, kilichopoteza jalada na kunuka moshi, kiitwacho Kikosi cha Kisasi.

Wengi wetu tulikwisha kusoma kile cha kwanza, Kufa na Kupona, alichokitoa Elvis Musiba wa Tanzania mwaka 1974. Humo ndimo tulimokutana na Willy Gamba, mpelelezi wa Dar es Salaam asiyekosa shabaha, wala hakosi msichana wa kumtazama. Mwaka 1979 Musiba alitoa hiki kingine, akamtuma Willy katika nchi yetu, Kinshasa, kupambana na majasusi wa makaburu wa Afrika ya Kusini.

Hapo tukagawanyika. Watu wa Walikale walisema cha pili chapita cha kwanza kwa mbali, maana msomaji hapati nafasi ya kupumua. Wazee wa Masisi walikataa: katika kile cha kwanza twamhofia Willy, bali katika hiki twajua tangu mwanzo kwamba atapona, na hofu ikiisha, utamu nao wapungua. Mama mmoja mwuza formaji alicheka mpaka machozi. Kinshasa watu wasema Kilingala na Kifaransa, lakini humu kitabuni wote twawasikia kwa Kiswahili safi cha pwani! "Hata Sake hawasemi hivi," akasema.

Vijana waliuliza kama Kinshasa kulikuwa na majasusi kweli. Mwalimu mmoja mzee akawajibu kwamba mambo ya kweli yalikuwa makubwa kuliko ya kitabuni. Mwezi wa Septemba 1960, mji ule ungali ukiitwa Léopoldville, Mmarekani Sidney Gottlieb alileta sumu ya kumwulia Lumumba, akamkabidhi Larry Devlin, mkuu wa majasusi wa Marekani mjini humo. Sumu haikutumika, Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, kwa risasi. Habari ya sumu ilitangazwa mwaka 1975, Baraza la Seneti la Marekani lilipochunguza mambo hayo. Na mwaka huohuo, katika vita vya Angola, Mobutu alisaidia chama cha FNLA, na askari wa makaburu walipigana upande huohuo. Basi Musiba hakuota ndoto tu alipomtuma Willy Kinshasa.

Kijana mmoja akauliza, "Makaburu hao ndio wale askari tuliowaona Sake?" Kicheko kikubwa. Ikatubidi kumweleza kwamba utawala wa makaburu ulikwisha mwaka 1994, na kwamba mwaka 2013 askari wa Afrika ya Kusini walikuja Kivu ya Kaskazini pamoja na wa Tanzania na wa Malawi, katika kikosi kimoja cha Umoja wa Mataifa. Hebu fikirini, nchi ya Willy na nchi ya adui zake, sasa bega kwa bega katika milima yetu!

Lakini neno lililotuchoma ni lile la jina la kitabu: kisasi. Katekista wetu alitaka vijana wasipewe kabisa. "Kwa neno hilo tumekwisha zika watu wa kutosha," alisema, na kweli hapana nyumba kwetu isiyojua maana yake.

Pale alikuwapo kijana ambaye nduguye aliuawa njiani. Kutwa nzima alikuwa kimya. Kisha akasema, "Mimi nimekisoma mara tatu. Wenzangu walikuwa wakiniita niingie porini na bunduki, nami nikawaambia, ngojeni nimalize kitabu. Willy akiua, kitabu chafungwa, naye arudi kwao Dar es Salaam. Mimi nikiua, ndugu zake yule waijua nyumba ya mama yangu."

Tulikaa bila kusema kitu. Yule mama wa formaji alimkatia kipande, akampa.

Tusidanganye kwamba tumepatana. Katekista asema huyu ni mmoja, na wengine watasoma wapate moto tu. Sisi wengine twaona kwamba aliyesoma mara tatu akijua kitabu kuliko sisi tuliosoma mbio mbio, tukitafuta nani atakufa.

Mwenzetu mmoja amerudi Walikale, naye amekichukua ndani ya gunia la maharagwe. Kile cha mwaka 1981, Njama, hatujakipata bado. Aliye nacho na atuazime. Katekista ameomba apewe yeye kwanza, ati akikague.